Jicho Halitoshi: Sukari na Ketoni za Paka Nyumbani

Kabla mashine za kupimia hazijaenea, kisukari kilijulikana katika nyumba nyingi kwa sisimizi. Pale mgonjwa alipokojoa walijipanga, kwa kuwa mkojo ulikuwa na sukari. Ishara hiyo haijachakaa, na haimhusu binadamu peke yake. Paka naye huugua kisukari. Sisimizi wakianza kuzunguka sanduku lake la mchanga, au pembe ya ua anapojisaidia, mwenye nyumba atazame na mengine: bakuli la maji linaloisha upesi kuliko kawaida, mchanga unaolowa mabonge makubwa, paka anayekula kwa pupa huku uti wa mgongo ukizidi kuchomoza. Ugonjwa ukikaa muda mrefu bila tiba, mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma hudhoofu, na mnyama aliyeumbwa kutembea kwa vidole huanza kukanyaga kwa kisigino, wayo mzima chini, kama mtu aliyechoshwa na safari. Katika nchi ambako hesabu hizi hufanywa, kama Uingereza na Marekani, makadirio mengi huangukia kati ya paka mmoja kwa kila 100 na mmoja kwa kila 500. Ugonjwa huu upo, ila mara nyingi hudhaniwa kuwa ni uzee.

Tiba yake kuu ni insulini, ile ile homoni inayowaweka hai mamilioni ya watu. Paka hudungwa mara 2 kwa siku, kila baada ya saa 12, na anayemdunga si daktari. Ni mwenye paka mwenyewe, jikoni kwake, kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi. Ninachotaka kusema katika makala haya ni kwamba mtu anayekabidhiwa sindano hiyo hana budi kukabidhiwa na vipimo viwili, cha sukari ya damu na cha ketoni. Kati ya hivyo, cha ketoni ndicho husahaulika, na ndicho hutegemewa zaidi siku paka anapozidiwa. Sababu yangu ni hii: paka mwenye kisukari huandamwa na hatari mbili zinazofanana kwa sura na kupingana kwa tiba. Mwenye kuzitenganisha kwa jicho anabahatisha, na gharama ya kubahatisha ni uhai wa mnyama.

Tuanze na chanzo chenyewe. Insulini hutengenezwa na kongosho, na kazi yake kubwa ni kuiwezesha sukari iliyo kwenye damu kuingia katika seli na kutumika. Kisukari cha paka wengi kinafanana na kile cha aina ya 2 kinachowapata watu wazima. Kwanza mwili huwa sugu kwa insulini, hasa mnyama akinenepa. Kisha seli za kongosho zinazoitengeneza huelemewa na kuharibika, huku protini iitwayo amiloidi ikijirundika kati yake. Wanaopatwa zaidi ni paka wa makamo na wazee, wanene, madume waliohasiwa, na wale wanaoshinda ndani bila kuwinda. Paka kwa umbile ni mla nyama. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake haliwezi kushughulikia sukari nyingi ya ghafla kama linavyoweza la mbwa au la mtu. Paka wa mtaani anayeishi kwa panya, panzi na vichwa vya samaki hula wanga kidogo mno. Wa ndani, anayewekewa bakuli la punje kavu mchana kutwa, au wali na ugali uliopitishiwa dagaa, anakula kila siku kitu ambacho kongosho lake halikuumbiwa.

Insulini ikipungua sana, mwili huona njaa katikati ya shibe. Damu imejaa sukari, lakini misuli haiwezi kuitumia. Hapo mwili hugeukia akiba yake ya mafuta, mafuta hufika kwenye ini, na ini huyageuza kuwa ketoni ambazo seli zinaweza kuzichoma badala ya sukari. Ketoni chache hazidhuru. Hata mtu aliyefunga tangu alfajiri huwa nazo kidogo ifikapo magharibi. Tatizo ni kwamba insulini ndiyo huizuia kazi hiyo isivuke mpaka. Ikikosekana, ini huzalisha ketoni usiku na mchana, na ketoni zina asidi. Damu huchachuka kama tui lililolala nje ya friji. Paka hutapika, hukataa chakula, hupoteza maji na potasiamu kupitia mkojo, hupumua kwa nguvu akijaribu kuitoa asidi kwa pumzi. Pumzi hiyo yaweza kunuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ingawa si kila pua huisikia harufu hiyo. Hali hii madaktari huiita ketoasidosisi, nayo haitibiki sebuleni. Inataka dripu, potasiamu, insulini inayofanya kazi haraka, na damu kupimwa mara kwa mara hospitalini. Mara nyingi nyuma yake kuna ugonjwa mwingine uliowasha moto: maambukizi ya njia ya mkojo, uvimbe wa kongosho, matatizo ya figo, dawa za jamii ya steroidi. Mara nyingine ni sindano zilizorukwa siku kadhaa.

Sasa tazama hali hii. Ni saa 1 jioni, wakati wa sindano. Paka amejikunja chini ya kiti, hataki chakula, akiinuka anayumba, macho yamefifia. Huenda sindano ya asubuhi ilizidi mahitaji yake, au alikula kidogo, na sukari ya damu imeshuka mno. Huenda pia insulini haimtoshi, ketoni zimepanda na damu inachachuka. Kwa anayetazama tu, ni paka yule yule aliyelegea. Katika hali ya kwanza, sindano nyingine yaweza kumuua, na kinachomwokoa ni asali au maji ya sukari yaliyopakwa kwenye ufizi, bila kummiminia kinywani asije akapaliwa, kisha chakula akishaweza kumeza, kisha simu kwa daktari. Katika hali ya pili asali haimsaidii kitu, na kumnyima insulini ndiko kunakozidi kumzamisha. Mwenye paka mwenye huruma, asiye na kipimo, karibu kila mara huchagua jambo linaloonekana la upole: amwache apumzike, asimdunge, angoje kukuche. Ikiwa tatizo ni ketoni, upole huo ni hatari kubwa kuliko zote alizoziogopa. Tone la damu na tone la mkojo hulijibu swali hilo kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai.

Kwa miaka mingi kazi ya kupima iliachwa kwa madaktari. Paka aliletwa asubuhi kikapuni, akafungiwa kizimbani kando ya mbwa wanaobweka, akatolewa damu kila baada ya saa 2 hadi jioni. Lakini paka mwenye hofu hupandisha sukari. Kiwango chake akiwa ametulia ni takriban 4 hadi 8 mmol/L. Kwa woga peke yake, hata asiye na kisukari aweza kufika 16 au kupita. Daktari akiiamini namba hiyo ya kizimbani anaweza kuongeza dozi isiyohitaji kuongezwa, na paka akirudi kwenye mto wake na kutulia, sukari ikaporomoka. Mwaka 2000 Wess na Reusch, wa Chuo Kikuu cha Zurich huko Uswisi, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba damu ya kutosha mashine ndogo ya mkononi hupatikana kwa kutoboa sikio la mbwa au paka. Kuanzia hapo kipimo kikaweza kumfuata mgonjwa nyumbani, mahali ambapo namba zake ni za kweli.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulikuja mwaka 2009. Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha matokeo ya paka 55 waliodungwa insulini aina ya glargine na kupimwa mara nyingi kwa siku na wenyewe nyumbani, huku wakilishwa chakula chenye wanga kidogo. Asilimia 64 walifika mahali pa kuishi bila sindano, kisukari kikiwa kimetulia. Walioanza utaratibu huo ndani ya miezi 6 tangu kugunduliwa, asilimia 84 walifika huko. Waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 35. Na ingawa dozi zilisukumwa kwa bidii, dalili za wazi za sukari kushuka ziliripotiwa mara moja tu, tena kwa muda mfupi. Haki inataka tuseme kwamba utafiti ule haukuwa na kundi la kulinganisha, na wamiliki wale walikuwa watu wenye ari kubwa, hivyo asilimia hizo si ahadi kwa kila nyumba. Lakini zinavunja dhana moja iliyozoeleka, kwamba mtu asiye daktari akishika mashine ya kupimia ataleta madhara. Waliopima mara nyingi ndio waliothubutu kutibu vizuri bila kuua.

Kutoboa sikio la paka kunatisha kwa maneno kuliko kwa vitendo. Pembezoni mwa sikio unapita mshipa mwembamba, unaoonekana ukimulika kwa nyuma na tochi ya simu. Kinacholengwa ni ukanda ulio kati ya mshipa huo na ukingo wa sikio, si mshipa wenyewe. Sikio hupashwa joto kwanza, kwa soksi iliyotiwa mchele wa moto kiasi au kitambaa cha uvuguvugu, kwa sababu sikio baridi halitoi damu. Hupakwa mafuta ya mgando kidogo sana ili tone lisimame kama ushanga badala ya kutapakaa kwenye manyoya. Kwa upande wa pili huwekwa pamba iliyokunjwa, kisindano kisije kikapita hadi kwenye kidole cha anayetoboa. Tone likijitokeza huguswa na ncha ya stripu ya mashine, pamba hubanwa pale nusu dakika, na paka hupewa kipande cha kuku wa kuchemsha. Kuku huyo si anasa. Ndiye anayemfundisha paka kwamba shughuli hii huisha kwa wema, na wengi huzoea baada ya wiki chache. Mashine ya binadamu hutumika, ila kwa damu ya paka mara nyingi husoma chini kidogo ya kiwango halisi, wakati zile za wanyama zimerekebishwa kwa kazi hiyo. La msingi ni kutumia mashine moja siku zote na kumwambia daktari ni ipi. Namba ikiwa chini ya takriban 3.3, ambayo kwenye mashine za kipimo kingine husomeka 60 mg/dL, sindano haitolewi. Kinachofuata ni sukari, chakula na simu kwa daktari.

Sindano yenyewe ina mtego mmoja unaostahili kusimuliwa taratibu. Paka wengi huanzishiwa takriban yuniti 1 kila baada ya saa 12, na madaktari kwa kawaida hawavuki yuniti 2 mwanzoni. Insulini nyingi za binadamu, glargine ikiwemo, zina yuniti 100 katika kila mililita. Zile za wanyama, kama Caninsulin na ProZinc, zina yuniti 40. Sirinji nazo ziko za aina mbili, na mistari yake imepigwa kwa kufuata chupa moja au nyingine. Ukivuta insulini ya 100 kwa sirinji ya 40 hadi mstari wa kwanza, umevuta yuniti 2.5, na kwa mnyama wa kilo 4 hiyo ni tofauti ya tiba na sumu. Yuniti 1 ya insulini ya 100 ni kiasi cha sehemu ya tano ya tone la maji. Jicho haliwezi kuikisia. Basi isomwe namba iliyoandikwa kwenye chupa na ile iliyoandikwa kwenye sirinji kabla ya kufungua chochote, na zilingane. Dozi isibadilishwe kwa namba ya siku moja. Insulini hupewa siku kadhaa ijionyeshe, kisha siku moja sukari hupimwa kila baada ya saa 2 kwa muda wa saa 12, na daktari huangalia inashuka hadi wapi kabla ya kuongeza au kupunguza nusu yuniti.

Insulini huhifadhiwa kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu, na iliyoganda hutupwa. Mwenye friji inayotegemea umeme wa kukatikakatika ana haki ya kuwa na wasiwasi, na kwa hilo kuna habari ya kutuliza moyo kutoka Kenya. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walitoa matokeo ya insulini za binadamu zilizowekwa katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama lilivyopimwa ndani ya nyumba za kambi ya Dagahaley huko Dadaab. Baada ya wiki 4 nguvu yake ilikuwa sawa na ya ile iliyokaa kwenye baridi. Hizo hazikuwa insulini za wanyama, na si ruhusa ya kuiacha chupa dirishani juani. Lakini usiku mmoja wa giza si sababu ya kutupa chupa na kumnyima paka dozi.

Tuje kwenye ketoni. Kipimo rahisi ni vijiti vya mkojo, vile vinavyouzwa kwa ajili ya watu. Mkojo wa paka hukingwa kwa upawa wa mpini mrefu, uliotengwa kwa kazi hiyo, unapotelezeshwa taratibu nyuma yake akiwa amechuchumaa. Anayeshtuka huwekewa sandukuni vipande vya mfuko safi wa plastiki badala ya mchanga, mkojo ukabaki chini. Kijiti huchovywa, maji ya ziada hukung'utwa, na rangi husomwa kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, ambazo kwa vijiti vingi vya ketoni ni 15. Kijiti kisicho na ketoni hubaki na rangi ya chai ya maziwa. Zikiwepo, hugeuka waridi, kisha zambarau, na kadiri rangi inavyoiva ndivyo hatari inavyokaribia. Kijiti kikionyesha hata alama ndogo, daktari apigiwe siku hiyo hiyo. Kikiiva rangi na paka anatapika, amelegea au hali, ni safari ya hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane. Kijiti kina upungufu wake: huona aina moja ya ketoni na hakioni ile inayozidi kwa wingi paka anapougua sana, kwa hiyo chaweza kuupunguza ukubwa wa tatizo. Mashine za damu zinazopima ketoni huiona hiyo ya pili, na kwa paka kiwango kinachopita takriban 2.5 mmol/L huhesabiwa kuwa cha ketoasidosisi. Asiye na mashine asivunjike moyo. Kijiti kinachopunguza ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa na kijiti.

Maendeleo ya karibuni yamelipa jambo hili uzito mpya. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kidonge cha bexagliflozin kwa paka wenye kisukari, na Agosti 2023 ikaidhinisha velagliflozin, dawa ya maji ya kunywa. Zote huziamuru figo zimwage sukari kupitia mkojo, na zote huahidi kumwondolea mwenye nyumba kazi ya sindano. Wapo wanaosema kwamba sasa hoja ya kupima nyumbani imekwisha. Kwa maoni yangu ndiyo kwanza imepata nguvu. Dawa hizi zimekusudiwa paka ambaye bado anatengeneza insulini yake kiasi na hajawahi kutibiwa kwa insulini. Akiwa hana ya kutosha, figo zitaendelea kutoa sukari na mashine itasoma namba ya kupendeza, huku ini likizalisha ketoni bila kizuizi. Paka atakuwa anakufa kwa ketoasidosisi akiwa na sukari ya kawaida, na ndiyo maana dawa hizo zimeidhinishwa zikiwa na onyo kali juu ya hatari hiyo. Hapo sukari peke yake hudanganya, na shahidi anayebaki ni ketoni.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa madaktari wenyewe, na si la kupuuzwa: mwenye paka akipewa namba ataanza kucheza na dozi. Ataona 20 asubuhi, ataongeza yuniti bila kuuliza, na kesho yake ataleta paka mwenye degedege. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini huletwa na namba isiyo na kanuni, na dawa yake ni kuandika kanuni. Karatasi moja iliyobandikwa mlangoni mwa friji yatosha: chini ya namba gani usidunge, rangi gani ya kijiti upige simu, lini uondoke nyumbani, na kwamba dozi hubadilishwa na daktari peke yake. Mtu asiye na kipimo naye hubadilisha dozi, ila huibadilisha kwa kukisia. Tena daftari la vipimo humsaidia daktari kuona asichoweza kukiona kwa ziara moja. Uchunguzi uliofanywa Uingereza mwaka 2015 ulidokeza kwamba takriban paka mmoja kati ya 4 wenye kisukari ana homoni ya ukuaji iliyozidi, tatizo linaloifanya insulini ishindwe. Dozi inayopanda mwezi baada ya mwezi bila mafanikio, ikiwa imeandikwa, ndiyo humfanya daktari aanze kulitafuta.

Pingamizi la pili ni la huruma: kumdunga na kumtoboa mnyama kila siku ni kumtesa. Sindano ya insulini ni nyembamba mno na hupita katika ngozi iliyolegea ya ubavuni. Paka wengi huendelea kula wakidungwa. Kwa wasiovumilia kutobolewa sikio, vipo vibandiko vya kupima sukari chini ya ngozi, kama FreeStyle Libre iliyotengenezwa kwa watu, ingawa juu ya paka mara nyingi hubanduka kabla ya siku zake 14 na havipimi ketoni. Linganisha maumivu ya sekunde moja na siku nzima ya woga kizimbani, au na wiki ya dripu. Mzigo mkubwa zaidi, kwa kweli, huwa wa mwenye paka. Mwaka 2017 Niessen na wenzake walichapisha majibu ya madaktari wa wanyama zaidi ya 1,000 duniani: kwa makadirio yao, mnyama mmoja kati ya 10 wenye kisukari huuawa kwa huruma pale pale anapogunduliwa, na mwingine mmoja kati ya 10 ndani ya mwaka wa kwanza. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni gharama, umri, na jinsi tiba inavyoyavuruga maisha ya mwenyewe. Mtu aliyefundishwa kupima, anayejua kwamba usiku wake utaongozwa na namba badala ya hofu, ana sababu moja pungufu ya kukata tamaa.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi kwetu: wapo watu wanaokosa insulini, na sisi tunaizungumzia ya paka. Silikwepi. Insulini ya mtu isipunguzwe kwa ajili ya mnyama, na pale ambapo chupa ni moja na mgonjwa ni mtoto wa nyumba, hakuna mjadala. Wala hakuna aibu kwa mwenye nyumba asiyeweza gharama, akakubaliana na daktari kumpumzisha mnyama bila mateso. Ila ubaya wa kuuacha ugonjwa huu ni kwamba haumalizi haraka wala kwa upole. Na wengi wa paka hawa hawakuugua mwituni. Sisi ndio tuliowafungia ndani, tukawahasi, tukawajazia bakuli. Kila aliyepita chuo cha Kurani pwani anaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Funzo lake halikomei kwenye njaa: aliyemzuia kiumbe asijitafutie amejitwika haja zake zote, na paka mgonjwa haja yake ni tiba. Kwa mwenye kipato kidogo mpangilio wa matumizi ni huu: chakula chenye nyama nyingi na wanga kidogo, insulini na sirinji inayolingana nayo, kopo la vijiti vya mkojo, kisha mashine ya sukari. Chakula kibadilishwe daktari akijua, kwa kuwa wanga ukipungua hitaji la insulini laweza kushuka siku chache tu baadaye. Vijiti nimevitanguliza mbele ya mashine kwa makusudi. Ni rahisi zaidi, na hujibu swali ambalo mashine ya sukari haiwezi kulijibu.

Kinachobaki ni daftari. Safu moja ya saa, moja ya sukari, moja ya dozi, moja ya chakula alichokula, moja ya ketoni, ambayo siku nyingi itaandikwa sifuri. Ketoni zipimwe mara kwa mara paka akiwa mzima, angalau mara moja kwa wiki, ili mkono uzoee upawa na jicho lizoee rangi ya kijiti safi. Na zipimwe bila kukosa siku atakapokataa chakula, kutapika, au kusomeka sukari ya juu sindano baada ya sindano. Kisha ikifika ile saa 1 jioni, paka akiwa amejikunja chini ya kiti, mwenyewe hana haja ya kumkodolea macho akitafuta jibu usoni mwake. Namba mbili ziko daftarini, naye anajua kama mkono uende kwenye chupa ya asali, kwenye friji, au kwenye kikapu cha safari.